Nani Anayemwoza Mtoto? Uhakiki wa Istilahi "Ndoa za Utotoni"

Istilahi "ndoa za utotoni" imekubalika kiasi kwamba ni nadra kuhojiwa. Hutumika Dar es Salaam na Nairobi, nasi wa Bukavu tumeipokea pamoja na mabango na semina. Hata hivyo, mwanaisimu akiitazama kwa makini ataona kasoro: inataja tendo na wakati wake, lakini haimtaji mtenda.

Sheria ya nchi yetu haikusita kumtaja. Sheria Na. 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyorekebisha Kanuni ya Adhabu, inamlenga mwenye mamlaka ya mzazi au ya mlezi anayemtoa mtu katika ndoa. Adhabu ni kifungo cha mwaka 1 hadi 12, na kima cha chini huongezwa maradufu iwapo aliyetolewa hajatimiza miaka 18. (Ajabu ni kwamba Sheria ya Familia ya mwaka 1987 iliendelea kumruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana 18, hadi iliporekebishwa mwaka 2016. Miaka kumi sheria hizo mbili zilikaa kwenye rafu moja.)

Je, Kiswahili hakina neno? Kinalo. Kitenzi *oa* huzaa *olewa*, *oana* na *oza*. Hiki cha mwisho ndicho kinachotufaa: baba humwoza binti yake. Hata tukisema "aliozwa", msikilizaji atauliza: na nani? Wengi hukikwepa, nadhani, kwa kuwa hufanana na *oza* ya tunda lililoharibika, wakapendelea *ozesha*. Nalo linatosha.

Linganisha na wito wa aina hii: "Binti, usiolewe mapema." Ni amri anayopewa mtu asiyekuwa mtenda wa kitenzi chenyewe. Mazungumzo ya mahari huendeshwa na wazee wa pande mbili, na mahari hupokewa na wazazi. Kisha mtoto ndiye anayeonywa, kana kwamba kosa ni lake.

Baadhi ya wenzetu hudai kwamba umbo la kutendwa katika *olewa* limekwisha kupoteza uzito, na kwamba mwanamke husema "nimeolewa" bila kuwazia kutendwa. Hatupingi, kwa mtu mzima aliyechagua. Kwa mtoto wa miaka 14 umbo hilo lina uzito wake wote.

Kwa hiyo wanafunzi wetu wanaofasiri sheria hizi kwa ajili ya wasikilizaji wa Kabare na Walungu waandike "kumwoza mtoto ni kosa", na mbele ya kitenzi hicho wamtaje mzazi au mlezi.