Bugali wa Jioni Haukupaswa Kuondolewa

Usingizi unaopotea mara tu mtu anapoanza kubana chakula na kufanya sport una chanzo kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole. Mara nyingi ni uamuzi mmoja: kufuta chakula cha jioni katika wiki ileile ambayo mazoezi yamewekwa jioni. Masisi na Walikale huko Kivu, ambako shauri la kupunguza uzito humfikia mtu pengine siku ileile anapoambiwa ana presha au kisukari, uamuzi huo ni kosa la wazi. Sukari ya chai kupunguzwa, mawese kupungua kwenye sombe, bia kuachwa, maharagi kuongezwa: hayo yote ni kazi nzuri na hayahitaji maneno mengi.

Kosa linaonekana vizuri likifuatwa saa kwa saa. Mtu amekula saa saba mchana. Saa kumi na mbili jioni anaanza kukimbia au kupanda kilima, anarudi amelowa jasho, anaoga, anakunywa chai ya rangi isiyo na kitu, na saa tatu usiku yuko kitandani. Usingizi unamchukua kwa uchovu. Saa nane usiku macho yanafunguka, moyo unapiga, kichwa kimejaa mawazo, na hadi jogoo anawika hajalala tena. Asubuhi anajilaumu kuwa hakuchoka vya kutosha, jioni anaongeza mwendo, na usiku wa pili unakuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Kinachotokea mwilini hakina fumbo. Ini la mtu mzima huweka akiba ya sukari ya gramu 100 hivi, na akiba hiyo ndiyo inayolisha ubongo usiku kucha. Mazoezi makali huipunguza, na yakiisha misuli huendelea kwa saa kadhaa kuvuta sukari kutoka kwenye damu ili ijaze ghala lake. Sahani ya jioni ndiyo iliyokuwa ilipe deni hilo. Isipokuwepo, mwili hujitengenezea sukari kwa msaada wa homoni kama glukagoni, kotisoli na adrenalini, na hizo mbili za mwisho ndizo zinazomweka mtu macho wakati wa hatari. Ndani ya ubongo kuna pia oreksini, kemikali iliyogunduliwa mwaka 1998, ambayo kazi yake ni kudumisha hali ya kuwa macho. Uchunguzi kwa wanyama umeonyesha kuwa seli zinazoitoa huchangamka sukari inaposhuka. Kiumbe mwenye njaa huamshwa akatafute chakula. Aliyelala na njaa baada ya kukimbia ameuamuru mwili wake ukeshe.

Ugali, viazi na ndizi husingiziwa mengi, lakini ushahidi juu ya usingizi uko upande wao. Mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Sydney kilichapisha jaribio dogo la wanaume 12 waliokula wali saa 4 kabla ya kulala. Wali unaopandisha sukari haraka uliwaleta kwenye usingizi kwa dakika 9. Ule unaopandisha taratibu uliwachukua dakika 17 na nusu. Watu 12 ni wachache, na mgonjwa wa kisukari hashauriwi kutafuta wanga wa kupandisha sukari haraka. Hata hivyo, jaribio hilo halimpi nguvu yeyote anayedai kuwa wanga wa jioni ndio adui wa usingizi.

Kosa hili ni zito zaidi Masisi kuliko Brussels. Mipango inayosambaa kwenye simu iliandikwa kwa ajili ya mtu anayekula asubuhi, mchana na jioni, na katikati anatafuna vitu vidogo vidogo. Huyo akiacha mlo wa jioni, bado ana milo miwili. Familia nyingi za Kivu hula mara mbili kwa siku, nyingine mara moja, na chungu kikubwa ni cha jioni, watu wakisharudi shambani au sokoni. Kufuta mlo huo ni kufuta nusu ya chakula cha siku nzima au zaidi. Aliyenakili mpango bila kuhesabu milo ya nyumba yake amejipa njaa akidhani ni tiba.

Mahali nako kunabadilisha hesabu. Nyanda za juu za Masisi hupita mita 2,000, usiku wake ni wa baridi, na mwili usio na chakula hukosa lile joto linalotokana na kusaga chakula. Anayetetemeka chini ya blanketi halali. Walikale, kwenye msitu wa mto Lowa, shida imegeuka. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili lazima lianze kushuka, na kwa usiku mzima hushuka kwa digrii moja hivi. Hewa ya huko ni ya moto na unyevu, kwa hiyo aliyekimbia sana muda mfupi kabla ya kulala huchelewa kupoa. Mazoezi ya jioni kwa jumla hayaharibu usingizi; yanayoharibu ni makali yanayokwisha chini ya saa moja kabla ya kulala.

Wanariadha wa zamani hawakuhitaji kufundishwa thamani ya sahani ya ugali. Kipchoge Keino, aliyeshinda mita 1,500 Mexico City mwaka 1968, alitoka kwenye nyanda za juu za Kenya, ambako ugali na maziwa ndicho chakula cha mkimbiaji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 juu ya wakimbiaji 10 bora wa Kenya ulikuta zaidi ya robo tatu ya nishati yao inatoka kwenye wanga, na ugali ulikuwa na sehemu kubwa. Mfano wa karibu zaidi ni msukuma chukudu wa Masisi, au wachukuzi waliobeba kilo 50 za kasiterite, madini ya bati, kutoka mgodi wa Bisie hadi Njingala kwa miguu msituni. Hao wote walifanya kazi ya misuli mchana, na jioni walitafuta sahani.

Kuna usiku ambao uchambuzi huu hauugusi. Anayekesha kwa sababu ya risasi, au amelala chini ya hema akiwa amekimbia kijiji chake, hana kosa la mpango wa chakula, na kumwambia apange vizuri saa za mazoezi ni kumkosea heshima. Kahawa ni jambo jingine, na limesemwa mara nyingi bila kusikika: nusu ya kafeini bado imo mwilini saa 5 hivi baada ya kunywa. Anayekunywa kikombe saa kumi na moja jioni ili apate nguvu ya kukimbia amejiongezea kosa la pili.

Sahihisho ni dogo. Mazoezi makali yahamie asubuhi, au yaishe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Bugali wa jioni ubaki, sahani ipungue badala ya kufutwa, uliwe mapema pamoja na maharagi na sombe. Masisi, penye ng'ombe, kikombe cha maziwa kinafaa. Cha kupunguzwa kipunguzwe kidogo kidogo, mlo kwa mlo.

Kwa anayetumia glibenklamidi au insulini, jambo hili limevuka mipaka ya usingizi. Dawa hizo huendelea kushusha sukari hata kama hajala, na kuamka usiku na jasho, mtetemeko na moyo unaokwenda mbio kunaweza kuwa dalili kwamba sukari imeshuka mno. Apewe chai yenye sukari papo hapo, na kukicha afike kituo cha afya. Mgonjwa wa namna hiyo asiache chakula cha jioni hata siku moja kabla ya kuzungumza na muuguzi au daktari wake.