Citizen Kane ilimhurumia Hearst

Wengi wetu tumesikia Citizen Kane (1941) inasifiwa kama filamu bora kupita zote. Nimeiangalia mara mbili na sikatai uzuri wake. Orson Welles aliitengeneza akiwa na miaka 25 tu! Lakini ile sehemu ya uchaguzi inanisumbua.

Ku filamu, Kane, tajiri mwenye magazeti, anagombea ugavana wa New York. (Kule raia wenyewe ndio wanamchagua gavana, si kama kwetu wenye tunaachia wabunge wa jimbo.) Anaahidi kumpeleka mahakamani Gettys, bosi wa siasa. Gettys anafichua habari za Susan, mwanamke wake wa pembeni. Kane anakataa kujiondoa, magazeti ya wapinzani yanaandika, anaanguka. Basi.

Lakini Kane amechorwa kwa sehemu kubwa juu ya William Randolph Hearst, na uchaguzi wa kweli ni wa 1906. Pale si mwanamke alimwangusha.

Tuanzie 1905. Hearst anagombea umeya wa jiji la New York, anapinga Tammany Hall, wale wakubwa wa chama cha Demokrati wenye walishika jiji mkononi. Gazeti lake linamchora mkubwa wao, Charles Murphy, amevaa nguo za mistari za mfungwa. Anakosa kwa kura karibu 3,500, na watu wengi waliamini Tammany imeiba. Hata mimi naona alikuwa na haki ya kulia. Sasa sikia: mwaka uliofuata anataka ugavana, anahitaji chama. Nani anamuunga mkono ndani ya Demokrati? Murphy yule yule. Na Hearst anakubali!

Mpinzani wake, Charles Evans Hughes wa Republican, hakuwa mtu wa kuchangamsha mikutano. Alikuwa mwanasheria mwenye alihoji makampuni ya bima ya maisha mwaka 1905, mpaka raia wakajua pesa yao ilikuwa inalisha wanasiasa. Kisha, tarehe 1 Novemba 1906, waziri Elihu Root akasema mjini Utica, kwa jina la Rais Roosevelt, kwamba magazeti ya Hearst yalichochea chuki yenye ilimuua Rais McKinley mwaka 1901. Pigo kali, na kwangu halikuwa la haki kabisa, ingawa ni kweli gazeti lake lilikuwa limeandika miezi michache mbele ya mauaji kwamba watu wabaya wanaweza kuhitaji kuuawa.

Hearst akakosa kwa kura karibu 58,000. Wenzake wa Demokrati wenye waligombea vyeo vingine vya jimbo zima walipita wote. Raia hawakukataa chama, walimkataa yeye.

Kuna picha moja ya filamu naipenda: usiku wa matokeo gazeti la Kane liko na kurasa mbili tayari, moja inasema amechaguliwa, ingine inasema kura zimeibiwa. Wanachukua ya pili, na sisi tunacheka. Hearst wa 1905 angeweza kuchapa ukurasa ule bila haya. Wa 1906 alikuwa amekula sahani moja na wale aliowaita wezi. Na Welles alijua: ku filamu Gettys mwenyewe analalamika juu ya kuchorwa na nguo za mfungwa. Hadithi ilikuwa mkononi mwake, akachagua chumba cha Susan.