Asomaye Moyo Bila Pupa

Msomaji hodari wa kipimo cha umeme wa moyo haanzi na kile kinachomvutia macho. Hufuata utaratibu uleule kila mara: kasi, mdundo, wimbi la P, QRS, kipande cha ST, kisha T. Ni herufi alizotuachia Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1924. Karatasi hupita milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo mraba mdogo ni sekunde 0.04. Hata mashine ikishachapa majibu yake, yeye huchukua bikari akapima mwenyewe kutoka kilele hadi kilele.

Ufundi huu huonekana hasa kwa mwenye upungufu wa damu wa chembe kubwa, ambao mara nyingi hutokana na ukosefu wa vitamini B12 au foleti. Chembe nyekundu huzidi femtolita 100 kwa ukubwa, lakini ni chache, na moyo hukimbia ili oksijeni iwafikie wote wanaoidai mwilini. Vilele hukaribiana, ST huweza kuzama, T ikalala au ikapinduka. Mwenye pupa atasema mshipa wa moyo umeziba. Fundi huuliza kwanza damu ni kiasi gani, akautazama ulimi kama umekuwa mwororo na mwekundu, akauliza kama nyayo zina ganzi. Wala haitupi shaka ya mshipa, kwani damu ikipungua huweza kufichua ugonjwa uliokuwa umejificha.

Na mapigo yakiwa ya polepole, mawimbi yakiwa mafupi, hushtuka: mwenye damu kidogo alitarajiwa kwenda mbio. Huagiza kipimo cha tezi ya thairoidi, maana tezi iliyozembea huweza kukuza chembe na kuupunguza moyo mwendo kwa wakati mmoja.

Namstahi zaidi baada ya sindano za kwanza za B12. Uboho ulioamka hutengeneza chembe mpya kwa kasi, nazo huvuta potasiamu kutoka kwenye damu. Basi hurudia kipimo, akitafuta kijiwimbi cha U nyuma ya T, dalili kwamba potasiamu inashuka. Huziweka karatasi mbili sambamba, ya leo na ya awali, akazilinganisha mraba kwa mraba.

Damu ikipanda na T ikasimama tena, ndipo huandika kwamba chanzo kilikuwa damu. Kabla ya hapo aliandika “huenda”. Uangalifu huo ndio unaomwepusha mgonjwa na dawa za moyo asizozihitaji.