Geuza Kwanza, Ndipo Uulize Bei

Sebuleni kwangu kuna kiti ambacho wageni hukisifu kabla hata hawajakikalia. Hakuna kati yao aliyekiona nilipokitoa Ilala, kwenye mitumba ya Karume. Kilikuwa kimezikwa chini ya rundo la mapazia, kimepakwa rangi ya mafuta ya kijani juu ya nyingine ya kahawia, na mguu mmoja unacheza. Siku hiyo nilifuatana na mzee mmoja, fundi seremala wa Keko. Mimi nikaanza na bei, kama kawaida ya mtu asiyejua. Yeye hakusema neno. Alikipindua miguu juu, akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua mahali palipokuwa hapajafikiwa na rangi. Mbao ikageuka kahawia yenye wekundu, na mishipa myeusi ikajitokeza.

“Mninga,” akaninong'oneza, muuzaji asisikie. Kisha akaongeza: “Mwanangu, mbele ni pa mteja, nyuma ni pa fundi. Ukitaka kumjua fundi, nenda nyuma.”

Tangu siku ile nimepamba nyumba nzima kwa vitu vya mkono wa pili, na sijapata kanuni nyingine inayoishinda hiyo. Yanayofuata hapa ni maelezo yake tu.

Mifupa na ngozi

Kila kitu chakavu kina ngozi na mifupa. Rangi iliyobabuka, vanishi iliyofifia, kitambaa kilichochanika, bawaba yenye kutu: hiyo ni ngozi, na ngozi hubadilishwa. Mbao iliyooza, mguu uliopinda, chuma kilichopasuka: hiyo ni mifupa. Muuzaji hupandisha bei kwa kung'arisha ngozi. Wewe lipia mifupa.

Kwenye kiti, mifupa ni maungio. Angalia mguu unavyokutana na ubao wa kalio. Fundi wa kweli huchonga ulimi upande mmoja na tundu upande wa pili, vikaingiana. Fundi wa haraka hukutanisha mbao mbili akapiga misumari. Kiti cha ulimi kikilegea, gundi na kibanio usiku mmoja hukirudisha. Cha misumari, kila unapogongelea mwingine unaizidishia mbao ufa. Kipimo ni rahisi: kiweke kwenye sakafu iliyo sawa, shika pembe mbili za mshazari, sukuma. Kikiyumba chote kwa pamoja, pengine mguu mmoja ni mfupi tu. Kikijinyonga, maungio yamekufa.

Kwenye kabati, chomoa droo yote na uitazame chini. Droo nzuri ina ubao wa chini ulioingizwa ndani ya mfereji kwenye kuta zake. Mbovu ina plaiwudi iliyogongelewa kwa chini, nayo siku utakayojaza vyombo itashuka na vyombo vyako.

Wadudu nao wana lugha yao. Matundu madogo ya duara ni kazi ya wadudu wanaobungua mbao. Tundu la zamani ni jeusi ndani. Tundu jipya ni jeupe na hutema unga. Tandika karatasi nyeupe chini, gonga mbao kwa kifundo cha kidole, kisha soma karatasi. Mchwa ni mnafiki zaidi, kwani hula ndani akaacha ganda zuri nje. Kwa huyo, bonyeza kwa ncha ya ufunguo kwenye miguu na pembe za nyuma. Na kwa chochote chenye sponji au mshono, washa tochi ya simu utafute vidoa vyeusi vya kunguni. Ukiviona, rudisha mkono mfukoni, hata kama unapewa bure.

Kuijua mbao

Mninga umeshauona. Mvule ni mzito, huanza na manjano ukakomaa kuwa kahawia, na mchwa haupendi. Msaji, ambao wengine huuita mtiki, una mafuta yake: upitishie kiganja na utahisi utelezi mwepesi. Paini ni nyepesi na ina macho ya vifundo. Si mbao mbaya, ila usiilipie bei ya mninga kwa sababu imepakwa vanishi ya rangi ya mninga.

Adui mkubwa ni ile isiyo mbao. Niliwahi kununua kabati jeupe, safi, na muuzaji akaniapia kwamba ni mbao tupu. Masika ya kwanza maji yaliingia sebuleni kidogo tu, kama ya kudeki. Kesho yake miguu ya kabati ilikuwa imevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Lilikuwa MDF, unga wa mbao na gundi. Laiti ningelivuta kutoka ukutani siku ile ya kununua na kuchungulia matundu ya skurubu nyuma, ningeuona unga huo kwa macho yangu. Mzee wa Keko aliponisikia alicheka tu, akaniuliza: “Uligeuza?”

Mbao za jahazi

Zanzibar na Lamu, mbao za majahazi na mashua yaliyostaafu hugeuzwa kuwa meza, viti, rafu na fremu za vioo. Zinapendwa, na kinachopendwa hughushiwa. Mbao ya kweli ina ushahidi unaopangika. Matundu ya misumari yamekaa kwa safu, kwa sababu yalifuata mataruma ya chombo. Kila tundu lina duara jeusi, alama ya chuma kilicholala ndani ya mbao na chumvi miaka mingi. Ukingoni, pale mbao mbili zilipokutana, huenda ukakuta uzi wa pamba ya kalafati. Rangi ziko kwa tabaka, moja juu ya nyingine, kwa maana chombo hupakwa upya mara nyingi.

Ya kughushi ina matundu yaliyotobolewa ovyo, hayana weusi, na rangi iliyokwanguliwa kwa ustadi mmoja kila mahali. Chungulia chini ya meza: ukikuta mbao nyeupe changa, umekuta uongo.

Lakini ukweli wa mbao hautoshi, kazi nayo ihukumiwe. Mbao ya baharini huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukaushwa kivulini polepole kabla ya kukatwa. Fundi akiharakisha, chumvi itavuta unyevu na kuozesha kila skurubu. Juu ya meza panapaswa kupigwa randa na msasa hadi kitambaa kipite bila kunasa. Matundu na mkunjo wa ubavu wa chombo vibaki pale visipomchoma mtu.

Na hapa pana onyo. Milango ya kuchonga ya pwani si mali ya kuokotwa tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inailinda milango ya mbao na fremu zake zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Ukiuziwa mlango wa Bagamoyo au Kilwa “uliotoka kwa babu”, swali la kwanza lisiwe bei. Liwe ni wa lini, umetoka nyumba gani, na kibali kiko wapi. Mafundi wa leo bado wanachonga vizuri. Agiza mpya, na ule wa kale ubaki kwenye ukuta wake.

Chuma na shaba

Beba sumaku ndogo mfukoni. Sinia, birika au kasha likiitwa la shaba, igusishe. Shaba nyekundu na ya njano hazishiki sumaku. Ikinasa, ujue ni chuma kilichovishwa shaba. Kisha kipime kwa mkono: sinia nzito yenye alama za nyundo kwa nyuma ilifuliwa, nyepesi yenye mgongo laini ilipigwa chapa na mashine.

Miguu ya cherehani kuukuu za Singer hutoa meza nzuri kuliko nyingi za dukani. Miguu hiyo ni chuma cha kumiminwa, na chuma hicho hakipindi, hupasuka. Kigonge kwa sarafu: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hukoroma. Ukikuta kovu la kuchomelea, shusha bei au ondoka, maana chuma cha namna hiyo kikichomelewa kienyeji hupasuka tena pembeni ya kovu. Kanyagio likizunguka bila kukwama, umepata kitu.

Pipa la kukatwa kuwa kiti au meza, uliza lilibeba nini. La mafuta ya kula linasafishika. La dawa za kilimo liache hapo lilipo. Kadhalika samani zenye rangi kuukuu ya mafuta: nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usizipige msasa zikiwa kavu ndani ya nyumba yenye watoto. Zilowanishe, vaa barakoa, fanyia kazi nje.

Nguo za nyumba

Mapazia ya mitumba ndiyo faida kubwa kuliko zote, kwa anayewahi. Belo likifunguliwa asubuhi, walio karibu huchukua cha kwanza. Gikomba huko Nairobi chaguo hilo la juu huitwa kamera, na mabaki ya mwisho ni fagia. Ukifika saa nane mchana, unachagua kwenye fagia kwa bei ya kamera.

Inua pazia dhidi ya jua. Mwanga ukipita sawasawa, kitambaa kizima. Ukiona mistari ya mwanga kwenye mikunjo, jua limeshaula uzi, na mashine ya kufulia itamalizia. Chomoa uzi mmoja kwenye upindo na uuchome nyumbani: pamba na kitani huwaka kama karatasi na kuacha jivu, poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Pindo pana ni zawadi, kwani ndilo litakalofikia dirisha lako refu.

Kuihukumu kazi ya kugeuza

Kitu kikibadilishwa matumizi, najiuliza mambo matatu. Je, kinafanya kazi mpya vizuri? Meza ya kulia chakula ina kimo cha sentimita 75 hivi. Ikitengenezwa kwa ubao mnene wenye nakshi chini, magoti yatakaa wapi? Je, asili yake inasomeka bila kupiga kelele? Kinu kilichopasuka kikishika miavuli mlangoni kinaeleweka. Kikitobolewa, kikapakwa dhahabu na kuwekewa taa tatu, kimedhalilishwa. Na je, kilichofanywa kinaweza kurudishwa? Fundi mzuri hutia skurubu mahali ambapo wa ovyo angemwaga gundi.

Jumlisha pia hesabu nzima kabla ya kufurahi: bei, guta la kubebea, fundi, msasa, vanishi. Jumla ikizidi kitu kipya cha mbao ile ile, umenunua hadithi. Si kosa, ila ujue umenunua hadithi. Na zisiwe nyingi. Ukuta mmoja unabeba sinia moja ya kale. Zikiwa tisa, umerudisha duka nyumbani.

Kiti changu kilimalizwa Keko kwa siku nne. Ulimi wa mguu ulitolewa, ukasafishwa, ukarudishwa kwa gundi. Rangi ilitoka yote juu, ila chini ya kalio mzee aliacha kipande cha kijani, ukubwa wa kiganja. Nilipomwuliza kama amesahau, alitikisa kichwa. “Iko siku utakiuza,” akasema. “Atakayekigeuza, atajua kimetoka wapi.”