Jina la Mwandishi na Hukumu ya Makala
Mwaka 1982 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Douglas Peters na Stephen Ceci, walitoa matokeo ya jaribio lao. Walichukua makala 12 ya wataalamu wa vyuo mashuhuri, wakayapeleka tena kwa majarida yale yale yaliyoyachapisha, chini ya majina na taasisi za kubuni. Matatu tu yalitambuliwa. Kati ya 9 yaliyosalia, 8 yalikataliwa, mengi kwa hoja kwamba mbinu za utafiti zina kasoro kubwa.

Wapo waliowalaumu kwa kuwahadaa wahariri. Lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo, haijibu swali la msingi: ikiwa kasoro zilikuwamo, mbona hazikuonekana hapo awali? Katika taaluma ndogo, ambamo wataalamu hutambuana kwa mtindo, kuficha jina hakutoshi. Yampasa mhakiki aonyeshe kasoro ilipo.