Nyuzi Zilizolegezwa

Kodi ya D niliyofundishwa kwanza ilikuwa ya nyuzi nne tu. Vidole vitatu vinabanana shingoni, na mkono wa kulia umeshaonywa usiguse ule uzi mnene wa juu, maana E yake itachafua kodi. Niliitii amri hiyo miaka mingi, na gitaa langu kavu likawa na mlio wa bati.

Dawa niliipata katika mtindo uliozaliwa Morocco. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mpiga gitaa wa Uingereza, Davey Graham, alikuwa Tangier akitafuta namna ya kupiga pamoja na wapiga udi. Akashusha nyuzi tatu: wa sita, ule mnene, kutoka E hadi D, wa pili kutoka B hadi A, wa kwanza kutoka E hadi D. Nyingine hakuzigusa. Ukizipitia zote bila kubana kitu, zinasema D, A, D, G, A, D. Sisi tuliolala tukisikia udi wa taarabu hatushangai kwamba udi ndio uliolifunza gitaa utulivu huo.

Sasa weka kidole kimoja, kimoja tu, kwenye uzi wa tatu, freti ya pili. G imekuwa A, na nyuzi zote sita ni D na A tupu. Hizo ni ndugu wa tumbo moja: ukigusa mmoja, mwenzake anatetemeka mwenyewe. F haimo, wala F-shapu, zile noti zinazoamua kodi iwe ya huzuni au ya furaha. Uzi wa sita na wa nne ni D zote mbili, basi zibane pamoja kwenye freti ya tano, nyingine uziache wazi, na G inakuja pana ajabu.

Uzi uliolegea unataka adabu. Ukiukandamiza sana, noti inapanda. Ukiupiga kwa pupa, unagonga freti na kukwaruza. Unapoushusha, upitilize kidogo chini ya D, kisha uukaze kuipandia, la sivyo utateleza katikati ya wimbo.

Jana usiku nilipiga kodi ile ya kidole kimoja, nikatulia. Nyuzi nyembamba zilinyamaza kwanza. Wa sita niliendelea kuusikia kifuani, kupitia ubao, masikio yakiwa yameshaupoteza.