Salamu Iliyopotea Ndani ya Bomba: R na Fanksheni za Agumenti Nyingi

Jaribu mstari huu katika lugha ya R:

"habari za asubuhi" |> sub("asubuhi", "jioni")

Anayeusoma anatarajia salamu igeuke "habari za jioni". R inarudisha neno moja tu: "jioni". Haitoi onyo wala haigomi. Kosa la namna hii ndilo ninaloliogopa kuliko yote, maana programu huendelea na jibu bovu hadi mwisho na hakuna anayeshtuka.

Opereta ya bomba, yaani |>, iliingia katika R toleo la 4.1.0, Mei 2021. Haijui data ni ipi. Huchukua kilicho kushoto na kukichomeka mwanzoni mwa mabano ya kulia, tena R ikiwa bado inausoma msimbo, kabla ya kuutekeleza. Fanksheni yenye agumenti moja haisumbui. Lakini sub() inadai tatu, kwa mpangilio huu: pattern, yaani kinachotafutwa, replacement, kinachokuja badala yake, na x, maandishi yenyewe. Salamu yetu ikakaa penye pattern, "asubuhi" ikasukumwa kuwa replacement, na "jioni" ikawa ndiyo maandishi ya kupekuliwa. R ikatafuta "habari za asubuhi" ndani ya "jioni", haikuiona, ikarudisha "jioni" kama ilivyo.

Dawa ya kwanza ni kutaja majina:

"habari za asubuhi" |> sub(pattern = "asubuhi", replacement = "jioni")

R hupanga kwanza agumenti zenye majina, kisha isiyo na jina huchukua nafasi iliyobaki wazi, ambayo hapa ni x. Jibu ni sahihi, ila asiyeikariri sub() haoni salamu imeingilia wapi. Ndiyo maana toleo la 4.2.0, Aprili 2022, lilileta alama ya kushika nafasi:

"habari za asubuhi" |> sub("asubuhi", "jioni", x = _)

Ikitumika kama agumenti, alama hiyo ina masharti mawili: lazima iandikwe pamoja na jina la agumenti, na itumike mara moja tu. Aliyezoea %>% ya kifurushi cha magrittr, ambako nukta huweza kurudiwa, ataona anabanwa. Mimi nasema walioweka masharti haya walifanya vyema. Jina linamwonyesha msomaji mlango ambao data imepitia, bila kuhesabu mikato. Ukihitaji thamani ileile mara mbili, kwa mfano kupata sehemu ya kila bei katika jumla, tumia fanksheni isiyo na jina:

bei |> (\(b) b / sum(b))()

Usisahau mabano ya mwisho; bila hayo R inakataa.

Lugha ya Elixir, ambayo nayo ina bomba, haina shida hii kwa kiasi hicho, kwa kuwa maktaba zake zimejengwa kwa desturi ya kutanguliza data. Lugha ya F# imechagua kinyume chake: data huwekwa mwisho, fanksheni hupewa agumenti zake za mwanzo tu, na bomba huleta iliyobaki. Ina hata ||>, inayobeba thamani mbili kwa pamoja: (0, bei) ||> List.fold (+) huanza na sifuri na kujumlisha orodha nzima. Napenda sana usafi wa njia hiyo. R haikuweza kuifuata, kwani imerithi fanksheni nyingi kutoka lugha ya S, zilizoandikwa kabla ya mtu kufikiria bomba hili. Katika head() data hutangulia, katika lm() ni ya pili, katika sub() ni ya tatu. Kupanga upya agumenti hizo kungevunja programu za watu wengi mno.

Basi unapoandika fanksheni yako mwenyewe katika R, tanguliza data. Na ukiitilia shaka fanksheni ya mwenzako, funga mstari mzima wa bomba ndani ya quote(). R itakuandikia wito wenyewe bila bomba, nawe utaona kila agumenti imekaa wapi.